Kiwanja Kidogo, Ukuta Mrefu: Mkakati wa Marekani kwa China Umo Kwenye Vipimo

Namba 4,800 haimo katika hati yoyote ya Mkakati wa Usalama wa Taifa wa Marekani. Haimo katika hati ya Desemba 2017, iliyozitaja China na Urusi kuwa madola yanayotaka kuupindua mpangilio wa dunia. Haimo katika hati ya Oktoba 2022, iliyosema China ndiyo mshindani pekee mwenye nia ya kuubadili mpangilio huo na mwenye uwezo unaozidi kukua wa kufanya hivyo. Wala haimo katika hati ya Desemba 2025. Namba hiyo ni kikomo cha nguvu ya chipu za kompyuta zinazoweza kuuzwa China bila leseni, nayo imo ndani ya jedwali la kanuni za Wizara ya Biashara, na anayetaka kujua Marekani inaifanyia China nini hasa, na aanzie hapo. Hati ya mkakati husema dola linataka nini. Jedwali la vipimo husema linaweza nini.

Kwanza tuiweke hati yenyewe mahali pake. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 inamtaka Rais apeleke mkakati huo Bungeni kila mwaka. Wa kwanza ulitoka 1987, enzi za Reagan, ila marais wa karne hii wamekuwa wakitoa hati moja tu kwa kila muhula. Haina bajeti wala amri ndani yake. Baada yake Pentagon huandika mkakati wake wa ulinzi, na ule wa Januari 2018 ndio uliotamka wazi kwamba ushindani kati ya mataifa makubwa, wala si ugaidi tena, ndio jambo la kwanza kwa jeshi. Kuanzia hapo kazi huhamia kwa watu wa leseni, wa manunuzi na wa viwanda. Wengi huacha kusoma mkakati ukifika hatua hiyo, nayo ndiyo hatua unapoanza kuuma.

Tazama mwaka 2022. Septemba 16, Jake Sullivan, mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Biden, alisema utaratibu wa zamani wa kumwacha mshindani abaki nyuma kwa hatua moja mbili hautoshi tena, na kwamba Marekani lazima ijenge mwanya mkubwa kadiri inavyowezekana katika chipu za hali ya juu. Sera hiyo ikaja kuitwa kiwanja kidogo chenye ukuta mrefu: teknolojia chache, zilindwe vikali. Oktoba 7, Wizara ya Biashara ikatoa kanuni ya kuzuia chipu hizo zisiuzwe China. Hati ya mkakati ilitoka Oktoba 12. Yaani kanuni iliitangulia hati kwa siku tano.

Kanuni ile ilipima chipu kwa njia mbili. Ya kwanza ni nguvu ya hesabu: unachukua idadi ya hesabu ambazo chipu inafanya kwa sekunde, katika matrilioni, unazidisha kwa upana wa namba zake katika biti. A100, chipu ya kampuni ya Marekani ya Nvidia, inafanya hesabu trilioni 312 kwa namba za biti 16. Mara 16, unapata 4,992, nayo imevuka 4,800. Njia ya pili ni kasi ya kuzungumza na chipu nyingine, ambayo kikomo chake kilikuwa gigabaiti 600 kwa sekunde. Sababu ya kuipima kasi hiyo ni nzuri: programu kubwa ya akili mnemba haifunzwi na chipu moja, inafunzwa na maelfu yaliyounganishwa, na muda mwingi unaweza kupotea yakisubiriana.

Kosa lilikuwa kwenye neno “na”. Ili chipu izuiwe, ilipaswa kuvuka kikomo cha kwanza na cha pili. Kabla mwaka haujaisha Nvidia ikawa na A800, ambayo nguvu yake ya hesabu ni ileile ya A100 ila kasi ya muunganisho imeshushwa hadi gigabaiti 400. Baadaye ikaja H800, ambayo ni H100 iliyoshushwa kutoka 900 hadi 400. Kwa karibu mwaka mzima ziliuzwa China kihalali. Desemba 2024 kampuni ya DeepSeek ya Hangzhou ilipotangaza programu yake ya V3, ilieleza kwamba imeifunza kwa chipu 2,048 za H800. Wahandisi wake walitenga visehemu 20 kati ya 132 vya kila chipu kwa kazi ya mawasiliano tu, wakapanga hesabu na usafirishaji wa data viende sambamba, hivyo upolepole wa muunganisho ukafichika. Kilichokusudiwa kuwa kizuizi kiligeuka kuwa mtaala.

Oktoba 17, 2023 kanuni ikarekebishwa. Kipimo cha muunganisho kiliondolewa, nguvu ya hesabu ikabaki, na kukaongezwa kipimo cha nguvu kwa kila milimita ya mraba, ili mtu asiigawe chipu moja kubwa vipande vidogo vinavyopita kimojakimoja. Nvidia ikatengeneza H20. Hesabu zake ni trilioni 148, mara 16 ni 2,368, chini ya nusu ya kikomo. Lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 96 na inasomeka kwa terabaiti 4 kwa sekunde, ilhali H100 yenyewe inasomeka kwa 3.35. Hapo pana jambo ambalo watunga kanuni walilipuuza. Kufunza programu kunakula nguvu ya hesabu. Kuitumia, yaani kuifanya ijibu neno baada ya neno, kunakula zaidi kasi ya kumbukumbu, kwa sababu kila neno linahitaji namba zote ambazo programu imejifunza zisomwe upya. H20 ilikuwa dhaifu palipopimwa na hodari pasipopimwa.

Yaliyofuata yananisikitisha zaidi kuliko mianya hiyo. Aprili 2025 serikali ya Trump ilidai leseni kwa H20, na Nvidia ikaandika hasara ya dola bilioni 4.5 kwa mzigo uliokwama. Julai mlango ukafunguliwa tena. Agosti ikakubaliwa kwamba serikali ichukue asilimia 15 ya mapato ya mauzo hayo. Desemba Rais akatangaza kwamba hata H200, chipu yenye nguvu kuliko H20, inaweza kuuzwa kwa wanunuzi walioidhinishwa, serikali ikipata asilimia 25. Piga hesabu ileile: H200 inafanya hesabu trilioni 989, mara 16 ni 15,824, zaidi ya mara tatu ya kikomo. Ikiwa chipu ni hatari kwa usalama wa taifa, asilimia 25 haiiondolei hatari. Ikiwa si hatari, basi haikupaswa kuzuiwa. Washirika walioshawishiwa miaka mitatu wazuie viwanda vyao visiiuzie China kwa hoja ya usalama sasa wanaona hoja hiyo ina bei.

Upande wa mashine za kutengenezea chipu, mkakati umefanya kazi vizuri zaidi, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu. Chipu huchapwa kwa mwanga juu ya sahani ya silikoni. Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi, ndivyo mistari inavyokuwa myembamba. Mashine za kawaida za kiwango cha juu hutumia wimbi la nanomita 193. Mashine za kizazi kipya hutumia nanomita 13.5, na kampuni inayozitengeneza duniani ni moja tu, ASML ya Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake matone ya bati lililoyeyuka hudondoka 50,000 kwa sekunde, na kila tone hupigwa na leza hadi ling’ae mwanga huo. Hewa huunyonya, kwa hiyo kila kitu hufanyika ndani ya ombwe. Lenzi za kioo pia huunyonya, kwa hiyo hutumika vioo vya kuakisi, vilivyosuguliwa na Zeiss huko Ujerumani, na kila kioo hurudisha asilimia 70 hivi tu ya mwanga. Ukiakisi mara kumi, kilichobaki ni chembe, ndiyo maana leza inatakiwa iwe na nguvu ya kutisha. Mashine moja ina sehemu zaidi ya 100,000 na bei yake inazidi dola milioni 150.

Mashine hiyo ni ya Mholanzi. Marekani inaingilia wapi? Chanzo cha mwanga kinatengenezwa San Diego, na Cymer, ambayo ASML iliinunua 2013. Kwa kanuni ya bidhaa zinazozalishwa ng’ambo kwa teknolojia ya Marekani, Washington inadai mamlaka juu ya kitu kilichotengenezwa nchi nyingine ikiwa kimetumia mashine, sehemu au programu zake. Kanuni hiyo ndiyo iliyoivunja Huawei 2020: TSMC ya Taiwan ililazimika kuacha kuichapia chipu, kwa kuwa hakuna kiwanda kikubwa cha chipu kisichotumia vifaa vya Applied Materials, Lam Research au KLA. Kuhusu mashine za nanomita 13.5, Uholanzi haijatoa leseni ya kupeleka hata moja China tangu 2019.

Kwa nini basi kubembeleza Uholanzi na Japani, na ubavu upo? Kwa sababu historia imeshafundisha. Wakati wa Vita Baridi palikuwa na CoCom, kamati iliyoanza 1949 na kufikia wanachama 17, ambamo kila mmoja angeweza kuzuia bidhaa isiende kambi ya Kisovieti. Hata hivyo kampuni tanzu ya Toshiba, pamoja na Kongsberg ya Norwei, zilipeleka Leningrad mashine za kuchonga mapangaboi ya meli pamoja na vidhibiti vyake. Siri ilifichuka 1987, wakati nyambizi za Kisovieti zilikuwa zimekwishaanza kunyamaza majini. CoCom ilivunjwa 1994. Mrithi wake, Mkataba wa Wassenaar wa 1996, huamua kwa kauli moja ya wote, na Urusi ni mwanachama. Ukitaka kuibana China kwa njia hiyo, unaiomba Moscow ikubali. Kwa hiyo ilibaki njia ya kuzungumza na mji mmojammoja. Januari 2023 The Hague na Tokyo zilikubali. Kanuni za Japani, kwa aina 23 za vifaa, zilianza Julai 23. Za Uholanzi, Septemba 1.

Kati ya kukubali na kuanza ilipita miezi, na mnunuzi hakulala. Katika robo ya kwanza ya 2024 karibu nusu ya mauzo ya mashine za ASML ilikwenda China, nyingi zikiwa za nanomita 193. Mashine hiyo haiwezi kuchapa mistari ya daraja la nanomita 7 kwa pigo moja, lakini inaweza kwa mapigo kadhaa: unachapa mstari mmoja ukiruka mmoja, unarudi kuchapa ulioruka. Ndivyo SMIC, kampuni ya China ya kuchapa chipu, ilivyoitengenezea Huawei chipu ya Kirin 9000S, iliyotokea ndani ya simu ya Mate 60 Pro mwishoni mwa Agosti 2023, Waziri wa Biashara wa Marekani akiwa ziarani China. Gharama yake ni kubwa. Kila pigo la ziada linaongeza hatua za kusafisha na kuchonga, na pigo la pili likikosea kulingana na la kwanza hata kwa nanomita chache, chipu inaharibika, hivyo kati ya chipu zote za sahani moja zinazofaa zinapungua. Kampuni ya biashara isingevumilia. Kampuni inayobebwa na dola inavumilia.

Mashine pia zinahitaji vipuri na mafundi. Kanuni ya 2022 iliwakataza raia na wakaazi wa Marekani kuhudumia viwanda vya chipu za hali ya juu vya China bila leseni, na ndani ya siku chache wahandisi waliondoka kwenye viwanda kama cha YMTC, watengenezaji wa chipu za kumbukumbu, huko Wuhan. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mkono mzito kuliko yote, kwa sababu chipu unaweza kuisafirisha kimagendo ndani ya begi, lakini fundi wa miaka ishirini humfichi ndani ya kontena.

Sasa ugeuze meza. Mlango wa madini adimu unashikwa na China. Madini haya hayana uadimu mkubwa ardhini. Kazi ni kuyatenganisha. Ni ndugu kumi na saba wanaofanana kikemia kiasi kwamba inabidi kuyapitisha katika mamia ya matangi ya asidi na viyeyusho, kila tangi likisogeza utengano kidogo tu. Mgodi wa Mountain Pass, California, uliwahi kuongoza dunia. Kazi chafu ikahamia kulikokuwa rahisi, na leo China inasafisha karibu asilimia 90. Dalili ilionekana 2010, baada ya mzozo wa boti karibu na visiwa vya Senkaku, shehena za kwenda Japani zilipokwama. Japani ilielewa, ikaweka fedha katika Lynas ya Australia. Washington ilisoma taarifa, ikaziweka kabatini.

Aprili 4, 2025, katikati ya vita vya ushuru, Beijing iliweka leseni kwa madini saba, yakiwemo disprosiamu na terbiamu, ambayo huzifanya sumaku zistahimili joto, na samariamu, ambayo sumaku zake zimo ndani ya ndege na makombora. Mwezi uliofuata Ford ilisimamisha kwa wiki moja kiwanda chake cha Chicago kwa kukosa sumaku. Ndege moja ya F-35 ina zaidi ya kilo 400 za vifaa vyenye madini haya. Septemba 29 Wizara ya Biashara ya Marekani iliongeza kwamba kampuni yoyote inayomilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na iliyomo katika orodha ya waliozuiwa, nayo imezuiwa. Siku kumi baadaye China ikajibu kwa kuiga kanuni ya Marekani: bidhaa iliyotengenezwa popote ikiwa na chembe ya madini yake itahitaji leseni ya Beijing. Oktoba 30 Trump na Xi walikutana Busan, na kanuni zote mbili zikasimamishwa hadi Novemba 2026.

Hilo ni jambo zito. Kanuni ya usalama ya Marekani ilirudishwa kabatini kwa sababu upande wa pili ulishika mlango ambao Marekani haina ufunguo wake. Ufunguo unachongwa sasa. Julai 2025 Pentagon iliweka dola milioni 400 katika MP Materials, wenye mgodi wa Mountain Pass, ikawahakikishia bei isiyopungua dola 110 kwa kilo kwa miaka kumi, ili China ikishusha bei kuwaua wasife. Hapo ndipo majaribio ya awali yalipokuwa yakizama. Kiwanda kikubwa cha sumaku kinatarajiwa kuanza 2028.

Baharini hali haitofautiani. Mlango-bahari wa Taiwan una upana wa kilomita 130 hivi pale ulipo mwembamba, na ng’ambo yake ndiko TSMC inakochapa karibu asilimia 90 ya chipu za hali ya juu kabisa. Marekani imefanya yanayowezekana kwa kalamu: 2023 ilipata kambi nne zaidi Ufilipino, tatu zikiwa kaskazini mwa Luzon zikitazama Taiwan. Yanayohitaji nyundo ndiyo magumu. Januari 2023 CSIS, kituo cha utafiti cha Washington, kilichapisha matokeo ya mchezo wa kivita kuhusu Taiwan uliorudiwa mara 24, na makombora ya masafa marefu ya kuzamisha meli yaliisha ndani ya wiki ya kwanza. Nyambizi za nyuklia za daraja la Virginia zinatakiwa mbili kwa mwaka, zinatoka 1.2 hivi, na Australia imeahidiwa tatu hadi tano chini ya AUKUS, mkataba wa ulinzi kati yake, Uingereza na Marekani. Idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Marekani imekadiria uwezo wa China wa kuunda meli kuwa zaidi ya mara 200 ya wa Marekani. Wingi huo ni wa meli za mizigo, lakini karakana, krini na wachomeleaji ni walewale. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kinachopungua ni waundaji, na mchomeleaji wa nyambizi haajiriwi leo akachomelea kesho.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, ushahidi ulio karibu zaidi uko Lualaba, katika Katanga ya zamani. Mgodi wa Tenke Fungurume, mmoja wa migodi mikubwa ya shaba na kobalti duniani, ulikuwa wa kampuni ya Marekani, Freeport-McMoRan. Freeport ilikuwa imejitwisha madeni kwa kununua kampuni za mafuta 2013, mafuta yakaporomoka bei, na 2016 ikauza hisa zake za Tenke kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Mwaka 2020 ikauza na Kisanfu, jirani yake, kwa dola milioni 550. Mauzo ya pili yalifanyika miaka mitatu baada ya hati ya 2017 kuiita China mshindani. Hakuna sheria iliyovunjwa, wala hakukuwa na ofisi Washington yenye fedha na mamlaka ya kusema tunaununua sisi.

Sasa Marekani inajaribu kurudi kwa reli. Shirika lake la fedha za maendeleo limeikopesha njia ya Lobito, kilomita 1,300 ndani ya Angola hadi mpaka wa Kongo, dola milioni 553. China nayo, kupitia kampuni yake ya ujenzi ya CCECC, imechukua TAZARA kwa miaka 30 kwa ahadi ya dola bilioni 1.4, ile ile reli ya kilomita 1,860 waliyoijenga na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Ngualla, mkoani Songwe, kwenye madini adimu ya Tanzania, mkataba wa kununua mzigo ulisainiwa 2023 na Shenghe ya China, miaka miwili kabla ya sumaku kukosekana Chicago. Shaba na kobalti ya Kolwezi itaweza kuchagua kutokea Atlantiki au Bahari ya Hindi. Lakini kobalti ikishapakiwa melini, iwe Lobito au Dar es Salaam, viwanda vingi vya kuisafisha viko China.